Kasha Ligeuze Kwanza

Mwenye duka akikuonyesha kasha, atakuonyesha uso wake. Atapitisha kitambaa juu ya njumu, yale mapambo ya shaba, ziwake, atainua kifuniko upate harufu, kisha atakwambia lilikuwa la nahodha fulani, au la binti wa liwali. Msikilize kwa adabu mpaka amalize. Halafu mwambie, "Mwanangu, nisaidie kuligeuza." Akisita, ushajua la kujua.

Mimi ni mshonaji wa Mombasa, nyumba yetu ipo Kibokoni, na makasha yamezidi viti. Mume wangu ashazoea; yeye hukalia lile la sebuleni akinywa kahawa. Simo katika biashara ya kuuza. Ninanunua, ninasafisha, ninatumia, na kila sanduku lililoingia mlangoni mwangu lina kazi yake. Wanaoniuliza wengi ni mabinti wanaoanza nyumba, wanaotaka kitu cha zamani kisichokuwa pambo tupu. Haya ndiyo ninayowaambia.

Jua kwanza unachokitafuta. Makasha makubwa ya njumu watu huyaita ya Kiarabu, au ya Lamu, au ya Unguja, kwa kuwa huko ndiko yanakoonekana. Mengi ya zamani yalitengenezwa Bara Hindi: Surat, Bombay, na pwani ya Malabar. Yalipakiwa majahazini yakaja na upepo wa kaskazi, ule wa Desemba hadi Machi, pamoja na nguo na mchele. Ndiyo maana wauzaji bado huyaita kwa miji hiyo. La Surat ndilo lenye shaba nyingi, mabamba na misumari kila mahali juu ya mbao nyeusi ya shishamu. La Malabar ni tulivu zaidi, mbao zinaonekana, shaba imekaa pembeni na kwenye kufuli. Lakini jina la mji siku hizi ni jina la mtindo tu, maana mafundi wa Lamu na Unguja waliiga mitindo yote hiyo na wanaiga hadi leo. Sina ugomvi na kasha jipya. Kasha jipya la msaji lililoundwa na fundi hodari, likauzwa kwa jina la jipya na bei ya jipya, ni mali nzuri. Ugomvi wangu ni na kasha la mwaka jana lililopakwa chai na rangi ya viatu likapewa umri wa miaka mia na hamsini.

Makasha makubwa yakikushinda bei, yapo madogo. Kuna vibweta vya kuwekea fedha na barua. Kuna vijaluba vya shaba au fedha vya tambuu. Kuna majamanda ya ukindu yenye vifuniko, na mikebe ya bati yenye picha, kama ile ya biskuti ya Huntley & Palmers iliyotoka Uingereza ikasambaa dunia nzima. Mwenye nyumba ndogo angeanza na hivi.

Ukifika dukani

Nenda mchana. Chukua kurunzi, futi ya mshonaji na kipande cha sumaku. Sumaku ile ya mlango wa kabati bovu inatosha.

Mkiligeuza, angalia chini na mgongoni. Mtu anayeghushi huweka nguvu zake mbele, kwa sababu huko ndiko wanunuzi wanakotazama. Mbao za chini ya kasha la kale huwa kavu, zimekauka bila mafuta wala vanishi, na rangi yake haiko sawa kila mahali. Zimulike kwa kurunzi kwa ubavu, si kwa juu, uone alama za msumeno. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana; msumeno wa mashine wa duara huacha mistari iliyopinda, yote sawasawa. Ukikuta plaiwudi, hiyo ni mbao ya karne ya 20, na kama mgongo wote ni plaiwudi basi ama kasha ni jipya ama limefanyiwa operesheni kubwa. Mwulize ni lipi kati ya hayo mawili, kisha utazame uso wake akijibu.

Kisha skrubu na misumari. Skrubu yenye mdomo wa msalaba imeanza miaka ya 1930, kwa hiyo haiwezi kuwa imezaliwa pamoja na kasha la wakati wa Seyyid Barghash, sultani wa Unguja wa karne ya 19. Usikimbie kwa ajili ya skrubu moja. Bawaba huvunjika na watu hutengeneza. Lakini zikiwa zote za msalaba, hadithi ya nahodha imekwisha. Misumari ya shaba ya zamani haifanani. Ipitishie kidole macho umefumba: mmoja umeinuka, mwingine umelala, safu inapinda kidogo pale mkono wa fundi ulipochoka. Safu ikiwa imenyooka kabisa na vichwa vyote ni pacha, hiyo ni misumari ya kiwandani. Weka sumaku. Shaba haishikwi na sumaku. Ikishikwa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba juu.

Kuna ulaghai mwingine ambao sumaku haiuoni. Kifuniko cha kasha moja hupachikwa kwenye mwili wa jingine, vyote viwili vya kale kweli. Hapo futi ndiyo shahidi. Pima mwili kwa urefu na upana, pima na kifuniko. Tazama kama tundu za bawaba za zamani zilizo kifunikoni zinaelekeana na zile za mwilini. Tundu tupu zisizo na mwenzake upande wa pili zina maana kwamba vipande hivi havikukua pamoja. Kasha la namna hiyo mimi hununua nikilipenda, ila silipii bei ya kasha zima.

Vuta droo zote nje, siyo nusu. Makasha mengi ya njumu yana droo mbili au tatu chini. Droo iliyotumika miaka mingi imelika pale inapoteleza, upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa sababu watu huvuta kwa mkono wa kulia. Droo ambayo mbele imezeeka lakini chini pana kingo kali, imezeeshwa.

Na usiondoke kabla hujatafuta siri. Ndani ya kasha, kwa kawaida upande wa kushoto, pana kijisanduku chembamba chenye kifuniko chake, kimeshikana na ubavu. Bibi arusi aliweka humo mikufu na mafuta ya uturi. Kitoe kilichomo, kisha jaribu kuinua ule ubao wa mbele taratibu. Katika makasha kadhaa unapanda juu kama pazia, na chini yake mna vidroo viwili vitatu vilivyofichwa. Mara nyingi utakuta vumbi na mende mkavu. Hata hivyo siri inayofanya kazi huongeza thamani, na muuzaji asiyeijua haongezi bei.

Mwisho harufu. Vanishi mpya na rangi ya viatu huzijua hata mwenye mafua. Kasha la kale linanuka mbao kavu, na pengine udi uliofifia.

Wadudu

Vitundu vidogo vya mviringo ni kazi ya bungua. Kuwa na vitundu si kosa. Karibu kila mbao ya zamani ya pwani inavyo. Unalotaka kujua ni kama wenye nyumba wamehama. Tandika karatasi nyeusi chini, ugonge mbao kwa kiganja. Ukidondoka unga mweupe mbichi, au ukiona vitundu vyenye kingo kali na rangi nyepesi ndani, wamo. Mchwa ni habari nyingine: huacha njia za udongo, na mbao ikigongwa hulia tupu. Lenye mchwa hai liache hukohuko hata likiwa zuri namna gani.

Sanduku dogo lenye bungua hutibiwa kwa friza. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa kadiri unavyoweza, lizibe kwa tepu, liweke kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa usilifungue, liache ndani ya mfuko siku nzima lirudi kwenye joto la chumba, la sivyo unyevu utaganda juu ya mbao. Lisilo na rangi nyembamba, pembe wala vioo ndilo la kufanyiwa hivi. Kasha kubwa haliingii friza ya mtu, hivyo mwite fundi wa kuua wadudu. Wazee walipaka mafuta ya taa. Mimi sipaki. Harufu haitoki kwenye nguo, na nyumba inayofukiza udi haitaki mbao iliyokunywa mafuta ya taa karibu na makaa.

Kusafisha, na wapi pa kukomea

Hapa ndipo watu wanapoua makasha. Wanalipeleka kwa fundi, wanarudi wanakuta limepigwa msasa, limepakwa vanishi, linang'aa kama gari la harusi. Ile ngozi ya juu iliyojengwa na mikono, moshi na mafuta ya miaka mingi ndiyo iliyolipiwa, nayo sasa iko sakafuni kwa fundi katika hali ya vumbi.

Anza na brashi laini ya kupakia rangi, kavu. Fagia vumbi kutoka kwenye njumu na kona. Fuata na kitambaa cha pamba kilichokamuliwa mpaka kikaribie kukauka, chenye tone la sabuni ya maji, na ujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, simama. Vinginevyo pitisha, kausha mara moja, acha wazi kivulini. Jua la Mombasa hupasua mbao siku moja. Ikikauka kabisa paka nta ya nyuki kidogo sana, acha, kisha sugua kwa kitambaa kikavu. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha.

Shaba ndiyo yenye mabishano. Bibi zetu walisugua sinia kwa ukwaju, au ndimu na chumvi, na sinia zilitoka kama jua. Lakini sinia huoshwa kwa maji mengi baadaye. Bamba lililopigiliwa misumari kwenye mbao haliosheki. Ile asidi huteleza chini ya bamba, huchafua mbao pembeni, na huendelea kuila shaba kimyakimya mpaka rangi igeuke waridi. Kwa hiyo ndimu iache jikoni. Kutu ya kijani iliyovimba itoe kwa kijiti cha mbao, si kisu wala waya wa kusugulia sufuria. Ukitaka shaba iwake, kata karatasi ngumu kwa umbo la bamba, uizungushie kuikinga mbao, kisha tumia dawa kidogo ya kusugulia shaba kwa pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti. Ni kazi ya kukaa. Kwa upande wangu naipenda shaba ya rangi ya asali, isiyowaka sana, na hewa yetu ya chumvi itairudisha hapohapo vyovyote utakavyofanya.

Liweke kazini

Kasha lisikae sakafuni moja kwa moja. Lile lisilo na miguu litengenezee vitako vya mbao vya kuliinua kiasi cha vidole vinne, na liweke mbali na ukuta upana wa kiganja. Kuta zetu za mawe na chokaa hunywa maji ya masika na kuyatoa polepole, na mgongo wa kasha ndio unaoyapokea. Usiliweke chini ya mashine ya hewa baridi wala dirishani. Siku kavu za kaskazi lifungue wazi asubuhi moja, lipumue.

Ndani kuna nguo. Mbao hutoa hewa yenye asidi, na kwenye msaji kuna mafuta yake yanayoacha madoa ya rangi ya kahawia. Tandika marekani au bafta isiyotiwa rangi, iliyofuliwa mara mbili ili wanga utoke, kwa sababu wanga ni chakula cha wadudu. Ndipo upange leso na kanzu. Za hariri na zenye darizi zikunje juu ya kitambaa kilichoviringishwa, na kila baada ya miezi michache ubadilishe mkunjo, maana hariri hukatika pale pale inapokunjwa. Nguo iliyovaliwa hata mara moja ifuliwe kabla ya kuhifadhiwa. Jasho halionekani leo. Mwakani ni doa la manjano.

Harufu: fukiza udi kwenye chetezo, pitisha nguo juu ya moshi, ziache zipoe, ndipo uzipange. Usiweke chetezo chenye makaa ndani ya kasha, jambo ambalo nimeliona likifanywa na watu wenye akili zao. Karafuu kavu kwenye vifuko vya bafta ni nzuri. Kikuba kibichi kisilazwe juu ya nguo, kwani asumini ikioza huacha alama isiyotoka.

Na vile vidonge vyeupe vya nondo, ninavikataza kabisa palipo na nguo za mtoto mchanga. Ndani yake mna nafthalini. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali isiyo ngeni katika nchi za malaria kama zetu, akivalishwa nguo zilizolala na vidonge hivyo chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, akageuka manjano na kuhitaji hospitali. Nguo za mtoto zihifadhi na karafuu, na uzifue kabla ya kumvisha.

Nikiwa kwenye watoto: kifuniko cha kasha la njumu ni kizito, na ule ulimi wa shaba wa kufungia huweza wenyewe kuangukia tumbuu, ile pete inayoushika, kikifungwa. Mtoto anayejificha ndani hatoki, na hewa haimtoshi. Nyumba yenye watoto, ng'oa ulimi uuhifadhi kwenye bahasha, au ufunge kwa uzi usianguke, na gundisha vipande viwili vya kizibo kwenye ukingo ili kifuniko kisikae kikaziba. Hilo lifanye siku lilipoingia nyumbani.

Picha na vyeti usivitie ndani ya kasha la mbao vikiwa utupu. Asidi ileile huvila. Vitie kwanza kwenye bahasha nzuri. Vito vya fedha viviringishe kwenye kitambaa.

Madogo hayana mashaka mengi. Kijaluba changu kina pini na vifungo, kingine kina hereni. Usile chochote kutoka ndani yake, na mikebe ya bati ya kale usiitie chakula, kwani rangi na risasi ya kuungia za wakati ule si salama. Uzi, mbegu kavu za kupanda, barua: hizo sawa. Jamanda la ukindu hutaka kupigwa upepo tu. Likishika kuvu, brashi kavu na kivuli chenye hewa.

Mambo ya karatasi

Makasha mazuri mara nyingi hutoka nyumba iliyofiwa. Usinunue matangani. Kasha la marehemu ni la warithi wote, kila mmoja na fungu lake, na ndugu mmoja mwenye haraka ya pesa hana haki ya kuliuza peke yake. Ngoja. Uliza, "Na dada zako wanajua?" Ukinunua mali yenye kesi, kesi nayo ni yako.

Pembe ya ndovu na gamba la kasa ng'amba visikushawishi. Vibweta vingine vimepambwa navyo. Pembe halisi ina mistari myembamba inayokatana ukitazama kwa karibu. Mfupa una vidoa vidogo vyeusi. Mfupa nunua. Pembe iache, kwa sababu hapa Kenya kuwa nayo tu bila kibali ni kosa la jinai.

Na kama unataka kumpelekea mwanao London au Maskati, jua kwamba sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1946 inalindwa hivyohivyo, nalitaja hilo kwa kuwa kuna masanduku yanayoundwa kwa mbao za milango hiyo. Tanzania Bara ina sheria yake ya mambo ya kale ya 1964, na Zanzibar yake. Waulize watu wa makumbusho kabla ya kulipa mizigo.

Kila ninachonunua nakiandika: tarehe, kipimo, bei, nani aliniuzia, alisema limetoka wapi, na nilivyoona mwenyewe nilipoligeuza. Napiga picha ya uso, mgongo, chini na siri ikiwa wazi. Karatasi na risiti zinakaa bahashani. Bahasha yenyewe usiiweke ndani ya kasha hilohilo. Mwizi akilibeba, kabeba na ushahidi.